Picha ya Nyota Imeharibika? Soma Umbo la Nyota Kwanza

Mtu akiuliza kwa nini picha yake ya anga la usiku imetoka vibaya, jibu halipatikani kwa kuitazama picha nzima kwenye kioo cha simu. Nyota ni nukta. Kila kitu kikienda sawa, nukta hubaki nukta. Kitu kikienda mrama, nukta ndiyo ya kwanza kuharibika, na namna inavyoharibika inamtaja mharibifu. Fungua faili lenyewe kwenye kompyuta, likuze hadi asilimia 100, kisha tazama nyota moja ya katikati na nyingine ya kila pembe. Usitumie nakala iliyopitia WhatsApp. Ikitumwa kama picha hubanwa, na nyota ndogo ndizo za kwanza kufutika. Ukitaka mwenzako akusaidie kuichunguza, mtumie kama hati.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba maelekezo mengi ya kupiga picha za nyota yameandikwa na watu wanaolitazama anga kutoka digrii 40 au 50 kaskazini, penye baridi. Sisi tuko kwenye ikweta au jirani yake, na pwani kuna unyevu. Baadhi ya ushauri wao ukiutumia Tanga au Kisumu unakupoteza kabisa. Patakapohusika nitapataja.

Nyota zote ni vistari vilivyonyooka, vya upande mmoja

Huyu si mtetemo wala lenzi mbovu. Ni Dunia imezunguka shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) ikiwa wazi. Anga husogea digrii 15 kwa saa, sawa na sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa, na digrii moja ina sekunde za tao 3,600.

Tuchukue mfano halisi. Kamera ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya APS-C, ile ndogo kuliko fremu kamili, ya megapikseli 24, lenzi ni ya milimita 50, umelenga kundinyota la Nge na kuacha shata wazi sekunde 15. Kwa vifaa hivyo kila pikseli hufunika takriban sekunde 16 za tao. Antares, ile nyota nyekundu kifuani mwa Nge, iko digrii 26 kusini mwa ikweta ya mbingu (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia), kwa hiyo mwendo wake umepungua kidogo tu. Fanya hesabu: ndani ya sekunde hizo 15 imevuka pikseli 12 au 13. Huo ni mchirizi.

Wengi wamefundishwa kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa lenzi, baada ya kuuzidisha kwa 1.5 ikiwa sensa ni ya APS-C (1.6 kwa Canon). Kwa lenzi yetu ya 50 utapata sekunde 6.7 hivi. Ukijaribu kwa kundinyota la Jabari (Orion), nyota bado zitakuwa ndefu, na sababu ni ya kijiografia. Nyota zilizo kwenye ikweta ya mbingu ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote, na mkanda wa Jabari umekaa karibu kabisa na mstari huo. Huku kwetu mstari wenyewe unapita karibu na utosini. Maana yake, sehemu ya anga tunayoiona vizuri zaidi, iliyo mbali na vumbi la upeo, ndiyo yenye mbio. Tumia 300 badala ya 500: lenzi ya milimita 50 sekunde 4, ya milimita 18 sekunde 11. Ukilenga Msalaba wa Kusini unaweza kurudi kwenye 500 bila wasiwasi, kwa kuwa kule nyota hutembea kwa karibu nusu ya kasi ya Jabari.

Muda uliopunguza ufidie kwa ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga (1600 hadi 6400), na kwa kufungua tundu la lenzi. ISO kubwa italeta chenga, yaani vidoadoa vilivyotapakaa kwenye picha, lakini chenga zina dawa. Nyota iliyokwisha kuchirizika haina.

Vistari vina mkunjo, au kila nyota ina pacha

Kama nyota zote zina mkunjo uleule, mfano herufi ndogo iliyoandikwa kwa mkono, kamera imetikisika. Washukiwa wa kwanza ni kidole kilichobonyeza shata na mkanda wa kamera unaopepea. Weka taima ya sekunde 2 au, bora, 10. Vua mkanda. Miguu ya tripodi usiivute mpaka mwisho, hasa ile sehemu ya chini iliyo nyembamba, na ning'iniza mkoba wenye uzito katikati, ila uguse ardhi usije ukawa pendulo. Wakati wa kusi ufukweni jikinge nyuma ya ukuta au gari, na injini ya gari iwe imezimwa.

Kidhibiti mtetemo cha lenzi kizimwe kamera ikiwa juu ya tripodi. Kwenye lenzi nyingi, hasa za zamani, hutafuta mtetemo usiokuwapo na kuutengeneza chenyewe.

Nyota zenye pacha, nukta mbili safi zilizounganishwa na uzi mwembamba, maana yake kitu kilisogea mara moja tu kikatulia. Mara nyingi ni mguu wa tripodi uliozama mchangani. Ufukweni weka kipande cha ubao au hata kifuniko cha ndoo chini ya kila mguu.

Nyota zimekuwa viduara vinene

Hii ni fokasi, na ndiyo inayoharibu usiku mwingi kuliko kasoro nyingine yoyote. Viduara vyote vinalingana ukubwa, vina ukingo unaoonekana, pengine na rangi ya zambarau au kijani pembeni. Fokasi ya kujiendesha haiwezi kushika nyota. Itazungusha lenzi huku na huko gizani, kisha itakata tamaa mahali popote. Ile alama ya ∞ nayo usiiamini. Lenzi nyingi za kisasa huzunguka hadi kupita umbali usio na mwisho, na ukizungusha mpaka mwisho umeshapitiliza.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Weka fokasi ya mkono. Elekeza kamera kwa nyota angavu: Shira (Sirius), Suheli (Canopus), au sayari kama Mshtarii (Jupita). Washa picha ya moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma, ikuze mara 10, kisha zungusha pete polepole sana. Nyota itapungua, itakuwa nukta, halafu itaanza kunenepa tena. Rudi nyuma kidogo. Kipimo kizuri kuliko nyota angavu yenyewe ni vile vinyota hafifu vya jirani yake: fokasi ikikaa, vinachomoza ghafla, ikiteleza kidogo tu, vinazama. Hapo bandika selotepu kwenye pete, na usiiguse.

Halafu iangalie tena baada ya saa moja. Joto likishuka, lenzi husinyaa na fokasi huhama. Na wenye lenzi ya zumu, hasa zile zinazouzwa pamoja na kamera, kumbukeni kwamba ukiielekeza juu, pipa lake linaweza kuteleza lenyewe kwa uzito. Bandika pete zote mbili.

Za mwanzo safi, za baadaye zimefifia

Panga picha kwa saa zilizopigwa. Ukiona zile za saa mbili usiku ni kali, za saa tatu nyota angavu zimeota duara la mwanga laini, na za saa nne kila kitu kimekuwa cheupe kama kioo cha bafuni, huo ni umande juu ya lenzi. Tofauti yake na fokasi mbaya ni hiyo: umande huja polepole, na duara lake halina ukingo.

Pwani tatizo hili lina sura mbili. Ya kwanza hutokea dakika ya kwanza tu: umeitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, au kwenye gari lenye kiyoyozi, ukaifungua nje kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam, na kioo kikafunikwa papo hapo. Ni mvuke wa hewani unaogeuka maji juu ya kitu baridi. Usifute, unapaka tu uchafu na chumvi. Kamera iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kabla hujatoka chumbani, na usiufungue nje mpaka ipite nusu saa. Muscat wakati wa kiangazi hali ni hiyohiyo au zaidi.

Sura ya pili ni ya usiku wa manane, na hii hata Iringa, Njombe au Limuru ipo. Lenzi iliyoelekezwa kwenye anga wazi hupoteza joto kuliko hewa inayoizunguka, ikashuka chini ya kiwango cha umande. Kofia ya lenzi husaidia kwa kupunguza eneo la anga ambalo kioo kinalitazama. Kama huna, zungushia karatasi ngumu nyeusi. Mikanda ya joto ya USB ipo na hutumia pawabenki ya kawaida. Asiye nayo aweke feni ndogo ya USB ipulize kioo kutoka pembeni, ila isimame kwenye kiti chake, isiguse tripodi. Kila baada ya dakika 20 mulika kioo kwa tochi ndogo nyekundu, kutoka ubavuni. Umande unaonekana mapema kabla haujaonekana kwenye picha.

Nina traka, na nyota bado ni vistari

Traka, kile kichwa chenye mota kinachozungusha kamera kuifuata mbingu, ndipo vitabu vya kaskazini vinapotuacha njiani. Wanaambiwa walenge Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Mombasa, Arusha au Dodoma nyota hiyo iko chini ya upeo, huioni kamwe. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, inasimama digrii 3 juu ya upeo, ndani ya vumbi. (Ndugu zetu wa Oman wako salama: Muscat inakaa kama digrii 23 juu, na maelekezo ya kawaida yanawafaa.) Upande wa kusini, nyota iliyo karibu na ncha ya mbingu (mahali anga linapoonekana kuzungukia) ni Sigma Octantis, na ni hafifu mno kuonekana kirahisi kwa macho ikiwa chini kiasi hicho.

Angalia kwanza urefu wa kistari. Kama nyota zimerefuka takriban mara mbili ya zinavyorefuka bila traka, mota inazunguka kinyume. Kuna swichi ya N na S. Traka huweza kutoka dukani ikiwa kwenye N. Mhimili ukielekea kusini, swichi iwe S. Inachekesha jinsi jambo hili linavyomaliza masaa ya watu.

Kama vistari ni vifupi kuliko bila traka, mhimili haujakaa sawa. Ncha ya kusini ya mbingu iko juu ya upeo kwa kiasi cha latitudo yako: Dar es Salaam karibu digrii 7, Mombasa 4, Nairobi 1 na kitu. Vishikizi vingi havishuki vizuri mpaka huko. Weka tripodi sawa kwa pimamaji, kisha fupisha mguu mmoja na upime mwinamo wa mhimili kwa programu ya simu. Mwelekeo wa kusini uchukue kwa dira, ukikumbuka kwamba kusini ya sumaku na kusini ya kweli huachana digrii chache, na kwamba chuma cha tripodi huidanganya dira ya simu. Kisha rekebisha kwa macho: lenga nyota iliyo karibu na utosi, piga dakika moja, tazama inakohamia. Sogeza mhimili kidogo kushoto au kulia. Mhamo ukizidi, rudi upande wa pili. Ukitulia, lenga nyota iliyo chini mashariki na ufanye hivyohivyo kwa kupandisha na kushusha mhimili. Inachosha. Lakini kwa lenzi ya milimita 50 hadi 85 huhitaji ukamilifu, na dakika moja safi ya Kilimia (fungu la nyota la Pleiades) inatosha kuanzia.

Katikati safi, pembeni nyota zina mbawa

Lenzi imefunguliwa mno. Toka f/1.8 nenda f/2.8 na mbawa zitakunjwa. Kama pembe moja tu ndiyo mbovu na nyingine tatu ni safi, kioo kimoja ndani ya lenzi kimekaa upande. Hilo ni la fundi. Miale inayotoka kwenye nyota angavu kama miiba si kasoro. Inatoka kwenye mabapa ya tundu la lenzi.

Anga ni jeupe au la rangi ya chungwa

Mwezi au taa. Mwezi mpevu hufuta Njia Nyeupe (Milky Way) hata katikati ya hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo angalia kalenda ya Kiislamu ukutani: kuanzia kama tarehe 25 hadi 3 ya mwezi unaofuata, sehemu kubwa ya usiku ni giza. Nyota angavu za kundinyota lenyewe hustahimili mwezi mdogo. Mafungu ya nyota hayastahimili.

Taa za mji hazina dawa ya kweli isipokuwa umbali. Kichujio cha taa kilisaidia enzi za taa za sodiamu za njano; taa nyeupe za LED zinamwaga rangi zote, na kichujio hakina cha kukamata. Ukilazimika kubaki mjini, punguza muda wa kila picha mpaka kilele cha histogramu (mchoro wa mwanga unaoonyeshwa na kamera) kikae theluthi ya kwanza kutoka kushoto, piga nyingi, uzirundike, yaani uziunganishe kuwa picha moja kwenye kompyuta. Piga RAW (faili ghafi lisilobanwa na kamera), weka joto la rangi kati ya 3800 na 4200 K, na rangi iliyobaki iondoe kwenye kompyuta.

Kuna weupe mwingine usiotokana na taa. Miezi ya Agosti hadi Oktoba moshi wa kuchoma mashamba na mapori hutanda bara, na nyota za chini hugeuka nyekundu. Subiri kundinyota lipande juu. Na ukienda kutafuta giza kijijini, mpigie mwenyekiti wa kijiji kabla. Mtu mwenye taa nyekundu porini saa nane za usiku anahitaji kujulikana. Ndani ya hifadhi baki kambini.

Chenga, na nukta nyekundu au za bluu

Chenga zilizotapakaa kila mahali hupungua kwa kurundika. Ukirundika picha 16, chenga hupungua mara nne. Kupata mara nane utahitaji 64. Programu ya kurundika iitwayo Siril ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Sequator ni nyepesi zaidi kwa Windows na inajua kutenganisha anga na ardhi. Nukta za rangi zinazokaa mahali palepale katika kila picha ni pikseli moto, na hewa yetu ya joto inazizidisha. Mwishoni mwa kazi funika lenzi, piga 15 au 20 za giza kwa muda na ISO ileile, uipe programu izitoe. Michirizi mirefu ya setilaiti na ndege itaondoka yenyewe wakati wa kurundika, mradi picha ziwe za kutosha.

Kundinyota limepotea ndani ya picha yangu

Hili huwashangaza watu wakiwa tayari wameshinda mengine yote. Picha ni kali, giza ni zuri, nyota ni maelfu, na Jabari haonekani! Jicho hutambua kundinyota kwa tofauti ya mng'ao, lakini kwenye sensa nyota angavu imejaa, ikawa nukta nyeupe sawa na jirani zake hafifu. Dawa ni kuzitawanya kidogo. Kuna vichujio vya kutawanya mwanga. Soksi ndefu nyembamba ya kike ikivutwa mbele ya lenzi hufanya kazi karibu hiyohiyo. Piga nusu ya picha bila soksi na nusu nayo, kisha changanya. Ibuti la Jauza itarudi na wekundu wake, na Rijili na ubluu wake.

Sayari imetoka doti jeupe

Hapa makosa yako mawili, na yanachanganywa. La kwanza ni mwanga. Mipangilio ya nyota haifai sayari: Mshtarii unamulikwa na Jua kama Mwezi ulivyo. Anza na ISO 200, f/5.6, sekunde 1/125. Kwa mipangilio hiyo miezi yake minne mikubwa itapotea. Kwa kuipata piga nyingine ya nusu sekunde, ISO 800, na ukubali sayari yenyewe iungue.

La pili ni ukubwa, na hili halirekebishwi na mpangilio wowote. Mshtarii ukiwa karibu nasi una upana wa kama sekunde 45 za tao. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera yetu ileile hufunika sekunde 4 kwa pikseli. Sayari nzima ni pikseli 11. Mikanda yake au pete za Zohali (Saturn) hazitaingia humo. Hapo ni kazi ya darubini. Ukiwa nayo, usipige picha moja. Rekodi video ya dakika mbili, isizidi tatu kwa kuwa Mshtarii huzunguka mhimili wake kwa chini ya saa 10 na alama zake zitahama, kisha programu ya AutoStakkert ichague fremu bora. Kama sayari inachemka kama kitu chini ya maji, hewa ndiyo inayochemka. Ngoja ipande. Ukanda wetu umebarikiwa kwa hili, sayari hupita juu sana.

Zuhura (Venus) ukitoka kama mwezi mchanga mdogo, lenzi ni nzima. Zuhura ina hilali kama Mwezi.

Kilimia hakionekani kabisa

Tazama tarehe. Mwezi wa Mei Jua liko upande uleule wa Kilimia, na hakuna kamera itakayokitoa. Kuanzia katikati ya Juni kinaanza kuonekana mashariki kabla ya alfajiri, na kati ya Novemba na Februari kiko juu jioni. Msemo wa wakulima, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, umejengwa juu ya kipindi hichohicho cha kutoweka. Nge na kitovu cha Njia Nyeupe ni kinyume chake: Juni hadi Septemba jioni, wakati wa kiangazi, vikipanda juu kuliko Ulaya watakavyowahi kuviona. Fungu la Omega Centauri lifuate Aprili hadi Juni, mvua ya masika ikikuruhusu. Programu ya ramani ya anga, Stellarium, itakuonyesha usiku wowote na saa yoyote kabla hujatoka nyumbani.

Natumia simu tu

Tafuta hali ya Pro: fokasi ya mkono kwenye alama ya mlima, ISO 1600, sekunde 10 hadi 15 kwa lenzi kuu, simu iwe kwenye kishikizi, taima imewashwa. Usitumie lenzi ya kukuza wala ile pana zaidi; sensa zake ni ndogo. Kama nyota hafifu zinaonekana sekunde moja halafu zinafutika picha ikihifadhiwa, programu ya simu imezichukulia kuwa chenga. Hifadhi kwa RAW, na zima urembo wote.